Daraja jipya la tremolo kwenye Strat: matundu hayaonani

NyuziSita
Wakuu, nina gitaa la umeme la Squier la umbo la Strat (Stratocaster ya Fender), lenye tremolo ya skrubu sita, yaani daraja linalocheza ukibonyeza mkono wake ili kushusha au kupandisha sauti. Daraja lake limeliwa na kutu, skrubu za sado (vipande vidogo vinavyobeba nyuzi) hazigeuki tena. Nimenunua jipya la mtindo wa Strat za miaka ya 1950, bati la chuma na bloku nene ya chuma (kile kipande kizito kinachoning'inia chini ya bati). Nikiliweka juu ya bodi, matundu mawili ya katikati yanakaribia kuonana, ila ya pembeni yanapishana kama mm 2 kila upande. Naweza kutanua matundu ya bati kwa faili la mviringo? Na bloku nene ina shida yoyote? Natumia nyuzi 10-46 (unene wa inchi 0.010 hadi 0.046).

FundiKeekee
Faili weka chini kabisa. Ukingo wa hayo matundu, upande wa chini wa bati, ndio makali ambayo daraja linachezea. Ukiyatanua, daraja litahama kila ukibonyeza mkono na halitarudi pale pale.

Kuna vipimo viwili vinavyowachanganya wanunuzi. Strat za zamani na nakala zake, kutoka katikati ya skrubu ya kwanza hadi katikati ya skrubu ya sita ni mm 56.4. Gitaa nyingi za Asia, na Fender nyingi za Mexico za skrubu sita, ni mm 52.4. Tofauti ni mm 4, ndizo hizo mbili mbili unazoziona.

Kama duka linapokea bidhaa iliyorudishwa, rudisha uchukue la 52.4. Halipokei? Basi kabla hujashika drili pima haya:

Funga uzi wa kushonea kutoka mfereji wa E nene kwenye nati ya shingo (kile kipande chenye mifereji ya nyuzi karibu na kichwa) hadi sado yake, kisha E nyembamba vivyo hivyo. Daraja la 56.4 kwa kawaida hutandaza nyuzi pia kwa 56.4. Angalia kwenye freti (vile vyuma vya shingoni) ya mwisho: kati ya uzi na ukingo wa shingo kukibaki chini ya mm 2, E nyembamba itakuwa inachomoka nje ya freti kila ukipiga huko juu.

Pima unene wa bodi na urefu wa bloku. Squier nyingine zina bodi nyembamba, na bloku ndefu hutokeza nyuma. Usifikirie kuikata, maana matundu ya springi yako huko huko chini.

Pima pia upana wa shimo la bodi. Ukishusha sauti, chini ya bloku huenda upande wa mkia wa gitaa. Bloku nene kwenye shimo jembamba inagonga ukuta mapema, na mkono unakwama katikati ya safari.

Mwisho, mkono wa zamani usiulazimishe kwenye bloku mpya. Meno ya skrubu ya M5 na yale ya Kimarekani ya 10-32 yanakaribiana mno: mkono unaingia mizunguko kadhaa, unakaza, kisha unaharibu bloku.

NyuziSita
Shukrani mkuu. Duka halipokei. Uzi wa kushonea unaacha karibu mm 3 kila upande. Bodi ni mm 44, bloku mm 40, na nikiichezesha kwa mkono haigusi ukuta. Kwa hiyo natoboa. Njiti za kibiriti na gundi zitatosha kuziba?

FundiKeekee
Njiti zinafaa skrubu ya kishikio cha mkanda, hapa hapana. Tundu jipya linaangukia ubavuni mwa la zamani, na ncha ya drili itateleza kuelekea palipo laini. Ziba yote sita, hata yale ya katikati.

Panua kila tundu hadi mm 6, kina kile kile cha zamani. Bandika utepe wa plastiki kwenye ncha ya drili kuwa alama ya kina, usije ukatokea upande wa pili. Chonga vijiti vya mm 6 vya mbao ngumu. Mninga unafaa, na mabaki yake hayakosekani kwa mafundi samani. Paka gundi ya mbao ndani ya tundu na kwenye kijiti, gonga taratibu, acha saa 24, kisha kata usawa wa bodi kwa patasi kali. Usipige msasa hapo, utachuna rangi pembeni bure. Bati litafunika yote.

Mstari wa matundu mapya ubaki pale pale ulipokuwa wa zamani. Hakiki kwa rula: nati hadi freti ya 12 ni mm 324, na sado ya E nyembamba iweze kufika mm 648 huku ikibakiwa na nafasi ya kurudi nyuma. E nene itahitaji mm 3 au 4 zaidi ya hapo.

Toboa mawili ya pembeni kwanza, funga daraja, rudisha ule uzi wa kushonea, tazama kama umekaa katikati ya shingo. Ndipo utoboe manne yaliyobaki. Ncha ya drili iwe sawa na kiini cha skrubu bila meno yake. Kwa skrubu hizi ni karibu mm 2.5, na kwenye mninga panda kidogo hadi 2.8. Sugua sabuni ya mche kwenye meno ya skrubu kabla ya kuiingiza, la sivyo kichwa kinakatika ndani ya mbao ngumu na unaanza upya.

SoloLaKwanza
Niongeze kwenye kufunga, maana hapo ndipo wengi huharibu: wanakaza skrubu zote sita kama wanafunga kitasa. Kaza mbili za pembeni hadi kichwa kiguse bati tu, basi. Nne za katikati ziache vichwa vikiwa juu ya bati kwa kama mm 1.6. Daraja linageukia hizo mbili, hizo nne kazi yake kulishikilia lisihame.

Kwa 10-46 anza na springi nne. Tatu zinatosha 9-42. Ukitaka daraja lielee, nyuma ya bati iwe juu ya bodi kwa mm 3.2. Ili usizunguke siku nzima kati ya kutyuni na kukaza, weka kabari ya mbao kati ya bloku na ukuta wa upande wa mkia, ishikilie bati kwenye kimo hicho. Tyuni E A D G B E, kisha kaza skrubu mbili za kucha ya springi (kipande cha chuma kinachoshika springi nyuma ya bodi) kidogo kidogo, hadi kabari ilegee yenyewe. Itoe, gusa tyuni kidogo, umemaliza.

FundiKeekee
Hiyo ya kabari nakubaliana nayo. Ila kama huvuti mkono kwenda juu, mimi ningelaza bati kwenye bodi. Uzi mmoja ukikatika, mitano iliyobaki haitoki tyuni.

NyuziSita
Limekaa, nimeliacha lielee kwa mm 3.2. Mambo mawili: nikishusha mkono na kuachia, uzi wa G unapanda kidogo, mingine iko sawa. Na gitaa linanguruma, hata nikishika nyuzi halinyamazi.

SoloLaKwanza
Zingepanda zote kwa pamoja ningekuambia rudi kwenye skrubu na springi. Uzi mmoja tu ni nati ya shingo: ukishusha mkono uzi unalegea na kuvutwa kuelekea kichwani, ukirudi unang'ang'ania kwenye mfereji, hivyo unabaki umekaza. Toa G, sugua mfereji kwa penseli laini, 2B au zaidi. Tatizo likiendelea, mfereji ni mwembamba kuliko nyuzi zako, upanue kwa faili la nati la kipimo hicho. Na kwenye kifunguo cha kutyunia mizunguko miwili au mitatu yatosha.

FundiKeekee
Mngurumo usionyamaza hata ukishika nyuzi, mara nyingi ni eathi haifiki kwenye nyuzi. Ulibadilisha na kucha ya springi? Waya wa eathi huungwa hapo. Kile kipande ni kinene, kinanyonya joto. Hita ya kulehemu ya wati 25 inayeyusha risasi ikakaa juu juu kama tone, ukiigusa inabanduka. Tumia ya wati 60, kwangua kwanza utando unaong'aa mpaka uone chuma chenyewe, kipashe joto, ndipo ulishe risasi. Kisha pima kwa mita kati ya kucha na uzi wowote: isome karibu sifuri.

Sado panga mwisho, baada ya kimo cha nyuzi juu ya freti: mm 1.6 kwenye freti ya 17 ni pa kuanzia. Freti ya 12 ikisoma juu kuliko harmoniki yake (sauti ya kugusa uzi tu hapo bila kuubonyeza), rudisha sado nyuma, na legeza uzi kila unapoisogeza. Na kwa walio Pwani, tone la mafuta ya cherehani kwenye kila skrubu ya sado kila unapobadilisha nyuzi. Chumvi ya hewani ikikutana na jasho la kiganja, skrubu ndogo kama hizo hazichukui muda kuganda.