Mjadala: Je, ni Mwingereza aliyeyafanya matabaka ya India yawe magumu namna hii?

Mkongojo
Ndugu wachangiaji, husemwa kila mara kwamba Mwingereza aliyakuta matabaka India na akayaacha kama alivyoyakuta. Mimi nasema hakuyaacha hivyo. Mwaka 1772 Warren Hastings, gavana wa Kampuni ya Waingereza ya India Mashariki, ile kampuni ya biashara iliyogeuka mtawala, aliagiza kwamba katika mirathi, ndoa na mambo ya tabaka, Wahindu wahukumiwe kwa maandiko yao na Waislamu kwa Kurani. Kwa kuwa majaji wa Kampuni hawakuzijua desturi za vijijini, ambazo zilitofautiana kutoka wilaya hadi wilaya, waliyashika maandishi ya Wabrahmini, tabaka la makuhani lililo juu ya mengine, na tafsiri ya sheria za Manu, kitabu cha kale cha Wahindu, aliyoifanya William Jones ikachapishwa mwaka 1794 ili iwafae. Kisha ikaja sensa. Ile ya 1901, chini ya Herbert Risley, haikutosheka kuhesabu watu bali ilijaribu kuyapanga matabaka kwa ngazi, nani juu na nani chini, naye Risley aliamini kwamba hadhi ya mtu huonekana katika upana wa pua yake. Sheria ya mwaka 1871 nayo iliyatangaza makabila mazima kuwa ya wahalifu, mpaka mtoto aliyezaliwa jana. Naomba tujadili hilo. Wale wa "lakini walijenga reli" wakae pembeni kwanza, maana hiyo ni hoja ya watoto wa darasa la tano.

Karani Mstaafu
Mheshimiwa, mimi si mtoto wa darasa la tano. Nimestaafu kutoka reli nikiwa na mvi, na sipendi kuona kazi ya watu ikidharauliwa kwa sentensi moja. Treni ya kwanza ya abiria nchini India iliondoka Bombay tarehe 16 Aprili 1853 kwenda Thane, safari ya kilomita 34, na tangu wakati huo Mbrahmini asiye na uwezo na mshona viatu wakaanza kubanana kwenye behewa moja la daraja la tatu, jambo ambalo hapakuwa na mfalme aliyethubutu kulilazimisha. Anayedai kwamba Mwingereza aliyakaza matabaka anieleze behewa hilo lilikaza nini. Tena ni utawala huo huo, chini ya gavana mkuu Bentinck, uliopiga marufuku kuchomwa kwa wajane mwaka 1829. Hilo nalo ni la darasa la tano?

Binti wa Makupa
Mzee wangu Karani, shikamoo. Marufuku ya 1829 ilipiganiwa na Ram Mohan Roy, Mbengali, kabla Bentinck hajashika kalamu, kwa hiyo tusimvike mtu kilemba kisicho chake. Kuhusu reli, tuulize nani alilipa. Wenye hisa wa London walidhaminiwa faida ya asilimia 5 kwa mwaka, na reli iliposhindwa kuingiza kiasi hicho pengo lilizibwa kwa kodi za India, yaani na mkulima ambaye huenda hakuwahi hata kuipanda. Kampuni zilizojua kwamba zitalipwa kwa vyovyote zilikuwa na sababu gani ya kubana matumizi? Halafu katika njaa ya 1876 hadi 1878 nafaka iliendelea kupakiwa bandarini kwenda Uingereza, huku gavana mkuu Lytton akifanya sherehe kubwa Delhi, tarehe 1 Januari 1877, ya kumtangaza Victoria kuwa Kaisari wa India, na Richard Temple, mjumbe wake, akiwapimia watu wa kambi za kazi huko kusini ratili moja ya nafaka kwa siku. Ratili moja, kwa mtu anayeshinda akibeba mawe juani.

Kaskazi
Nawasomeni kwa makini, ila naona mwenye mada amewasahau watu waliokuwa chini kabisa. Hadithi ya kwamba matabaka yalikazwa na mgeni inawapendeza sana waliozaliwa juu, kwa sababu inawaondolea lawama. Jotirao Phule, aliyefungua shule ya wasichana Pune mwaka 1848, aliuona utawala wa Waingereza kuwa upenyo kwa watu wa matabaka ya chini, kwa kuwa aliyajua yale waliyotendewa chini ya Wabrahmini wa Peshwa, watawala wa Pune kabla ya Waingereza. Tarehe 1 Januari 1818, huko Koregaon, askari Wamahar, watu wa tabaka la chini kabisa, walipigana upande wa Kampuni dhidi ya jeshi la Peshwa, na mpaka leo Wadalit, yaani watu wa matabaka yaliyoitwa najisi, hukusanyika kila mwaka kwenye mnara wa hapo. Wanasherehekea nini, kama jela yao ilijengwa na Mwingereza? Sikatai kwamba Waingereza wenyewe waliacha kuwaandikisha Wamahar jeshini miaka ya 1890, kwa nadharia yao ya makabila yaliyozaliwa kwa vita. Lakini swali langu linahitaji jibu.

Karani Mstaafu
Marahaba, binti yangu. Asilimia 5 si wizi. Mtaji haupelekwi nchi ya mbali bila dhamana, na kila serikali inayotaka barabara leo hii inatoa dhamana zake. Hata reli tuliyoirithi sisi, iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ikafika ziwani mwaka 1901, haikujengwa kwa sala. Wahindi zaidi ya 30,000 walikuja kuijenga, na hawakuletwa kwa pingu. Walikuja kutafuta fedha wakazipata, na sote tunajua maduka ya nani yalitanda kando ya kila stesheni.

Mjukuu wa Punjab
Bwana Karani, hapo umevuka mpaka. Mzee wetu alikuwa miongoni mwa hao, na hakuacha duka wala kibanda. Wafanyakazi wapatao 2,500 walikufa kwenye ujenzi huo, na wengi wa waliosalia walirudi kwao mikataba ilipokwisha. Wenye maduka unaowasema wengi wao walitoka Gujarat na walijilipia nauli. Umewachanganya watu wawili ukawapa kosa moja.

Unasema hawakuletwa kwa pingu. Punjab chini ya Waingereza kodi ya ardhi ilidaiwa kwa fedha taslimu, mavuno yawe yamepatikana au hayakupatikana, kwa hiyo mkulima alikwenda kwa mkopeshaji, na mkopeshaji akaenda mahakamani. Serikali ilipoona mashamba yanahama mikono ikatunga sheria ya mwaka 1900 ya kuzuia ardhi ya "makabila ya wakulima" isiuzwe kwa wasio wakulima, na orodha ya makabila hayo ikatangazwa rasmi. Watu wa tabaka la chini kabisa, waliolima mashamba ya wenzao vizazi na vizazi, hawakuwamo katika orodha hiyo, kwa hiyo wakazuiwa kisheria kununua hata kipande cha ardhi waliyoilima. Kama mwenye mada anatafuta ushahidi wake, upo hapo, si kwenye pua za Risley.

Mkongojo
Niliomba reli ikae pembeni, sasa imekuwa mjadala mzima. Basi na tuijibu. Mzee Karani anasifu behewa la daraja la tatu, ila hakushuka nalo kwenye jukwaa la stesheni. Pale palikuwa na mtungi wa maji ya Wahindu na mtungi wa maji ya Waislamu, na wachota maji wao tofauti, na vyumba vya kulia vilivyotengwa. Ndiyo siasa yenyewe kwa ufupi: mwaka 1905 gavana mkuu Curzon aliligawa jimbo la Bengal, upande mmoja Waislamu wengi na wa pili Wahindu wengi, mwaka 1909 Waislamu wakapewa orodha yao ya wapigakura na wabunge wao, na mtu aliyetaka kuchaguliwa hakuwa tena na sababu ya kumbembeleza jirani wa dini nyingine. Bengal iliunganishwa tena mwaka 1911. Orodha za wapigakura hazikuunganishwa.

Karani Mstaafu
Mitungi hiyo ilidaiwa na abiria wenyewe! Meneja wa stesheni angeweka mtungi mmoja, Mhindu angekaa na kiu mpaka Calcutta. Mnamlaumu Mwingereza kwa kuwachanganya kwenye mabehewa, mnamlaumu tena kwa kuwatenga kwenye maji. Hata mwaka 1947 ni viongozi wa India wenyewe walioshindwa kuelewana, na Radcliffe, mwanasheria Mwingereza, akapewa miezi mitano ya kuchora mpaka wa India na Pakistan, muda wa kutosha kwa mtu makini.

Binti wa Makupa
Majuma matano, mzee wangu, si miezi. Radcliffe alifika tarehe 8 Julai, akiwa hajawahi kuikanyaga India, na mpaka wake ulitangazwa tarehe 17 Agosti, siku mbili baada ya uhuru, kwa hiyo kulikuwa na wilaya zilizosherehekea uhuru bila kujua ni za nchi gani. Mamilioni ya watu walihama, na hesabu inayotajwa mara nyingi ni kama milioni 14. Sijui ni mtu makini wa namna gani angeimaliza kazi hiyo kwa muda huo.

Karani Mstaafu
Yawe majuma, yawe miezi, waliouana walikuwa majirani.

Kaskazi
Nimeuliza kuhusu Koregaon, nimejibiwa mitungi ya maji. Basi nauliza tena kwa njia nyingine. Mwaka 1932 serikali ya MacDonald, waziri mkuu wa Uingereza, iliamua kwamba Wadalit nao wawe na orodha yao ya wapigakura, wachague watu wao bila kupitia kwa Wahindu wa matabaka ya juu. Aliyefunga chakula hadi kufa ili kuuzuia uamuzi huo hakuwa Mwingereza, alikuwa Gandhi, akiwa gerezani Yeravda. Ambedkar, kiongozi wa Wadalit, aliyejua kwamba Gandhi akifa watu wake watachomewa vijiji, alitia saini mapatano huko Pune ya kuiacha orodha hiyo. Viti vilivyotengwa viliongezwa hadi 148, lakini vikawa vya kupigiwa kura na kila mtu, pamoja na wale waliowakataza Wadalit kuchota maji kisimani. Hilo liko wapi katika mada hii?

Mkongojo
Ndugu Kaskazi, unanijibu kana kwamba mimi ni wakili wa Wabrahmini. Nimesema yalikazwa, sikusema yalibuniwa. Yaliyofanywa na Peshwa siyatetei. Koregaon inathibitisha kwamba Mmahar wa 1818 alikuwa bado na nafasi ya kuchagua jeshi la kujiunga nalo, na wewe mwenyewe umetuambia kwamba mjukuu wake alinyimwa nafasi hiyo kwa sababu ya kabila aliloandikiwa. Ile sheria ya makabila ya wahalifu nayo ilifutwa mwaka 1952, na watu hao bado polisi huwaanzia wao panapotokea wizi.

Kaskazi
Na ninyi mnaolaani kuandikwa, mnasahau kwamba orodha ya matabaka ya chini iliyotolewa na Waingereza mwaka 1936 ndiyo iliyorithiwa na serikali huru mwaka 1950, na kwa orodha hiyo mtoto wa Mdalit anapata nafasi ya chuo na ya kazi serikalini. Sitaki ichanwe. Lawama yangu kwake ni tofauti na yenu: orodha ya 1936 iliwaacha nje Wakristo, na ya 1950 ikawabakiza Wahindu karibu peke yao. Masikh waliingizwa mwaka 1956, Mabudha mwaka 1990, na Mdalit aliye Mkristo au Mwislamu hajaingizwa hadi leo. Safari hiyo Mwingereza alikuwa ameshaondoka.