MREJESHO: Soketi ya jikoni iliyokuwa inanuka plastiki

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kuhusu nyumba tuliyopanga Tabata: tukichemsha maji kwa birika la umeme, soketi inanuka plastiki ya kuungua na taa zinafifia, ila breka haikati. Wengi mlisema nizime meni swichi, niite fundi mwenye leseni. Asanteni, amekuja.

Alihakikisha kwa testa hakuna umeme, akafungua soketi. Skrubu ya nyutro (waya unaorudisha umeme) imelegea, waya ukitoka kwa kuvutwa na vidole viwili tu. Gamba la plastiki la waya huo limekakamaa, linapukutika kama ganda la karanga, na mgongo wa soketi umekuwa kahawia. Kwa mbele ilikuwa nyeupe safi kabisa!

Kwa yule aliyeuliza kwa nini breka ilinyamaza: birika la wati 2,000 kwenye volti 230 linavuta kama ampea 8.7, na soketi ni ya ampea 13. Umeme haujazidi, kwa hiyo breka haina cha kukata. Joto linazaliwa pale waya uliposhika vibaya.

Taa kufifia kulitokana na maungio ya darini, yamesokotwa tu na kuzungushiwa selotepu (ile ya kufungia zawadi, jamani). Yamebadilishwa. Mwenye nyumba alibisha mpaka alipoona picha, akakubali tukate kwenye kodi.

Kilichobaki ni bomba la bafuni linalotekenya ukiligusa hita ikiwashwa. Fundi anarudi Jumamosi kupima athi (waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja); hita tumeizima, tunaogea ndoo.