Yesu akisema "nifuate" watu waliacha nyavu palepale. Je, akisema mtumishi wa leo kwa niaba yake?

kijana_wa_Igoma
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nina jambo linanikosesha usingizi, naomba msaada hasa kwa wanaosoma Neno kwa kutulia. Tulikuwa na semina ya vijana, mhubiri akafundisha Mathayo 4 pale Yesu anawaambia Petro na Andrea "Nifuateni, nami nitawafanya kuwa wavuvi wa watu" na wao mara wakaziacha nyavu. Akasema nyavu zenu nyie ni ajira, anayejisikia kuitwa aandike barua ya kuacha kazi, aje tukae wote kituoni tuzunguke mikoani na injili, na mafao yake alete kama sadaka ya kujitoa. Wenzangu wawili wameshaandika. Mimi mama yangu ana sukari, dawa nanunua mimi, na mdogo wangu yuko kidato cha tatu. Nilivyouliza habari ya mama nikajibiwa "waache wafu wazike wafu wao", ukumbi mzima ukashangilia, nikakaa.
Sibishani na Yesu jamani. Nataka kuelewa neno lake lilikuwa na nguvu gani hata mtu amwache baba yake chomboni, na je likitoka mdomoni kwa mtu mwingine leo linakuwa na nguvu ileile?

Mama Baraka
Amina mwanangu, pole sana. Usiandike barua yoyote kwanza. Huyo Yesu aliyesema waache wafu ndiye aliyewakemea Mafarisayo kwenye Marko 7, mtu alikuwa akitamka tu kwamba mali yake ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, basi wanamruhusu asimtendee tena babaye au mamaye neno lolote. Yesu akawaambia mnalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yenu. Sasa hayo mafao yako yakienda kituoni na mama akakosa dawa hiyo sio Korbani ni nini? Na pale msalabani, Yohana 19, ana misumari mikononi bado anamkabidhi mama yake kwa mwanafunzi amtunze. Mimi ni mama, hapo huwa nalia kila nikisoma.

Mtoto wa Mvuvi
Mkuu mimi nimekulia Ukerewe, baba alikuwa wa dagaa, karabai na mtumbwi, kwa hiyo naomba niongee kidogo hapo kwenye nyavu maana wahubiri wengi wanaparuka. Luka 5 inasema wavuvi wametoka na walikuwa wanaosha nyavu. Mvuvi akishaosha nyavu kazi imeisha, mwili umekwisha, anachotaka ni uji na kulala. Usiku mzima hawajapata kitu. Anakuja mtu ambaye kazi yake ni useremala, mchana kweupe, anamwambia mvuvi mzoefu twende kilindini ushushe tena, maana yake zikichafuka uanze kuosha upya, na mchana samaki anauona wavu. Baba yangu angemjibu vibaya. Petro akasema "ila kwa neno lako nitazishusha nyavu". Hapo ndipo mamlaka ilipo, samaki walikuja baadaye. Na Petro hakuwa mgeni na huyu mtu, ukifuata mtiririko wa Luka mkwewe alishaponywa homa sura ya 4, na Yohana 1 inaonyesha walikutana hata kabla. Halafu Zebedayo, baba yao Yakobo na Yohana, hakuachwa peke yake, Marko 1:20 inasema aliachwa chomboni pamoja na watu wa mshahara. Kazi iliendelea, mzee hakulala njaa.
Kuhusu swali la pili. Mathayo 7 mwishoni makutano walishangaa kwa sababu alifundisha "kama mtu mwenye amri, wala si kama waandishi wao". Manabii walisema Bwana asema hivi. Waandishi walisema wazee wamesema hivi. Yeye peke yake alisimama akasema mmesikia watu wa kale waliambiwa, bali mimi nawaambieni. Sasa mhubiri wako, mimi, mchungaji wangu, wote tuko upande wa kunukuu. Tunaweza kusema Yesu anaita. Kusema "nifuate mimi, lete mafao yako" hatuna hiyo nafasi, mwenye mamlaka yote mbinguni na duniani ni mmoja tu, Mathayo 28:18.

Mlei
Nakubali mengi hapo juu ila naomba tusiende mbali sana tukayafanya maneno ya Yesu maji ya kunywa. Alimwambia yule tajiri auze vyote na alimaanisha auze vyote. Antoni wa Misri, yule mtawa wa zamani, aliyasikia hayohayo yakisomwa kanisani akauza, dada yake akamkabidhi kwa wanawake waaminifu wamlee, akaenda kuishi jangwani. Vijana wa Namugongo kule Uganda mwaka 1886 walichomwa moto kwa kukataa kumkana Yesu, wengine walikuwa wadogo kuliko kijana aliyeuliza. Kwa hiyo wapo wanaoitwa kuacha kazi kabisa na hatuwezi kuwacheka. Ninachosema ni kwamba wito hauna umbo moja. Zakayo mtoza ushuru alibaki Yeriko na nusu ya mali yake, akarudisha mara nne kwa aliowadhulumu. Yule mtu wa Wagerasi aliyetolewa pepo alibembeleza afuatane naye, Yesu akamkatalia, "Enenda zako nyumbani kwako, kwa watu wa kwenu". Naye pia alitii.

Mama Baraka
Kweli kabisa Mlei. Na Paulo alishona mahema Korintho na injili ikaenda.

kijana_wa_Igoma
Asanteni sana, mmenitoa mbali. Hiyo ya watu wa mshahara nimesoma Marko miaka yote sijawahi kuiona. Jana usiku nilisoma Mathayo 5 mpaka 7 yote kwa mkupuo, nikakwama 5:24, uache sadaka yako mbele ya madhabahu ukapatane kwanza na ndugu yako. Kaka yangu mkubwa hatuongei toka ishu ya kiwanja cha marehemu baba. Kwenye semina tuliambiwa habari ya kazi na sadaka, hii hakuna aliyeigusa, ila kwangu ndiyo inanichoma kuliko barua ya kuacha kazi. Na sijui nianzie wapi, yeye ndiye aliyenifokea mbele za watu.

Mtoto wa Mvuvi
Andiko linasema ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, halijauliza nani alianza kufoka. Mpigie leo leo mkuu, kabla ya ibada ya jumapili. Asipopokea tuma meseji, mwambie shikamoo kaka, umuulizie watoto, ya kiwanja mtaongea mkikaa.