Wauza raba za mtumba na wapima beking pauda wa Mwanga, mnawamaliza wanafunzi

Wakuu, salamu kwenu. Sina utangulizi mrefu, nina hasira.

Kila bumu (hela ya mkopo wa wanafunzi) linapoingia, wanafunzi wa vyuo hapa Kigoma mjini wanakimbilia vitu vilevile: raba au moka ya mtumba ya kuingilia darasani, gauni au jaketi la zamani lenye mshono wa maana, na kwa wale wanaouza keki za vipande hosteli, unga, mayai na beking pauda. Kila mara kuna kundi la wauzaji linawasubiri na bidhaa iliyokwisha kufa, imepakwa rangi au imefungwa upya. Sisemi wote. Mwanga sokoni na Ujiji wapo wauzaji waungwana wanaokwambia kabisa kwamba soli hii imeanza kuchoka, toa hela kidogo uchukue. Nawasema wale wanaojua wanachouza na wananyamaza.

Raba na beking pauda vinauawa na adui mmoja, unyevu. Mji uko kando ya ziwa, mvua zikianza mwishoni mwa mwaka zinakwenda mpaka Aprili, na mizigo inalala stoo zenye sakafu ya saruji bila hata mbao chini. Muuzaji wa miaka mingi hawezi kusema halijui hilo.

Nianze na raba, maana ndiko wizi ulikokomaa.

Raba nyingi za zamani zinazopendwa sasa, zile Air Max na Jordan za mwishoni mwa miaka ya 1980 na matoleo yake ya baadaye, soli yake ya kati ni sponji ya poliyurethani, mafundi wanaiita PU. Ni nzito kidogo, inabonyea vizuri, na ikiwa nzima inavalika kwa raha. Tatizo ni kwamba unyevu wa hewani unaingia ndani ya sponji hiyo na kukata minyororo ya kemikali inayoishikilia. Haijalishi kama kiatu kimevaliwa au hakijavaliwa. Kiatu kilichokaa kwenye boksi miaka kumi bila kuguswa kinaweza kumeguka mapema kuliko kilichovaliwa kila wiki. Kwa hiyo ile kauli ya "hii haijavaliwa kabisa, angalia chini hata haijalika" si sifa. Kwa raba ya PU ya zamani, hiyo ni sababu ya kuikagua mara mbili.

Wanachofanya ni hiki. Robota (furushi la mtumba) likifunguliwa, raba ambayo soli ya kati imeanza kupasuka inasuguliwa kwa brashi na sabuni ya unga, inaanikwa jua kali, kisha inapakwa rangi nyeupe ya maji kuzunguka soli yote. Rangi inaziba nyufa ndogo na kufunika ule unjano wa uzee. Mahali palipoachia panadondoshewa supagluu. Soli ya ndani iliyochakaa inatolewa na kuwekwa ya kiatu kingine. Mwanafunzi anaona raba nyeupe, safi, anaambiwa grade one, analipa. Akitembea nayo kutoka stendi mpaka chuo, kisigino kinaanza kutoa makombo. Akifika wiki ya pili soli yote imebaki njiani na ngozi ya juu bado nzuri kabisa, ndiyo inauma zaidi.

Supagluu kwenye kiatu ni dhuluma nyingine. Ikikauka inakuwa ngumu na haipindi. Kiatu kinapinda pale vidoleni kila hatua, kwa hiyo gundi inakatika, na ikikatika inaondoka na tabaka la ngozi au sponji. Fundi akija kurekebisha baadaye anakuta uso umejaa magamba magumu ambayo gundi ya kawaida haishiki, lazima akwangue yote kwanza.

Ukaguzi wa pale pale mezani hauchukui dakika tano, na muuzaji akikukataza kuufanya, ondoka. Bonyeza soli ya kati kwa ukucha wa dole gumba, pale kisigino na pale upinde wa mguu. PU nzima inabonyea na kurudi. Iliyokufa inabaki na alama, inanata, au inatoa unga. Kunja kiatu taratibu pale vidoleni huku umekiweka karibu na sikio. Mlio wa kukatika-katika ni nyufa chini ya rangi. Kwangua rangi kidogo kwa ukucha pembeni, rangi ya kupakwa mara nyingi inatoka kama ganda. Halafu fungua ulimi wa kiatu utafute lebo ndogo. Raba nyingi za michezo zina tarehe au mwezi na mwaka wa kutengenezwa hapo. Lebo ikiwa imekatwa kwa mkasi, jiulize nani alikuwa na haja ya kuikata.

Soli ya EVA, ile nyepesi sana, haifi kwa namna hiyo. Yenyewe inasinyaa na kubaki na mikunjo, lakini haigeuki unga. Na zile raba za turubai zenye soli ya mpira mtupu zinakauka na kupasuka pembeni, ila unaliona kwa macho. Anayetaka kiatu cha zamani cha kudumu na hela yake ni ya mawazo atafute hizo, au moka ya ngozi iliyoshonwa soli.

Kwenye namba nako wanapiga. Lebo ya Marekani ikisema 8.5 ya kike, hiyo ni sawa na 7 ya kiume, si 8.5. Ziko meza ambazo namba imefutwa na kuandikwa upya kwa kalamu. Pima mguu wako nyumbani kwa sentimita, ongeza moja na nusu, zidisha kwa moja na nusu, unapata namba ya Ulaya. Mguu wa sentimita 26 unatoa 41. Nenda sokoni na kamba uliyoikata urefu wa mguu wako pamoja na sentimita moja, iingize ndani ya kiatu. Kamba haidanganyiki.

Nguo nitazipita haraka kwa sababu huko hasara si kubwa hivyo. Gauni za miaka ya 1970 zilizoandikwa 12 ni ndogo kuliko 12 ya leo, kwa hiyo pima kutoka kwapa hadi kwapa likiwa limelazwa, zidisha mara mbili. Vuta lastiki ya kiuno, ikilia na isirudi, mpira wake umekauka na itabidi ibadilishwe. Jaketi la mvua ambalo ndani linanata au linamwaga vigamba vyeupe, ni ile PU tena, imepakwa kwenye kitambaa. Haitengenezeki, rudisha mezani.

Sasa beking pauda.

Beking pauda ni magadi soda, asidi kavu na wanga wa kunyonya unyevu. Ikiguswa na maji, soda na asidi vinakutana na kutoa hewa. Hewa hiyo ndiyo inayopandisha keki. Kopo likifunguliwa na kuachwa wazi dukani, unyevu unaanzisha kazi hiyo polepole mle mle ndani, na hewa inaishia dukani. Halafu muuzaji anachota kwa kijiko, anafunga kwenye kifuko cha nailoni kwa fundo, anatundika ukutani. Hakuna jina, hakuna tarehe ya kutengenezwa wala ya kuisha. Wengine wanachanganya ya kopo la zamani na la jipya ili isionekane imeganda mabonge.

Piga hesabu ya keki ya kawaida ya biashara: unga nusu kilo, sukari robo, siagi robo, mayai sita, maziwa kikombe, beking pauda vijiko vinne vya chai. Beking pauda ndiyo kitu cha bei ndogo kuliko vyote hapo, na ikiwa imekufa inaondoka na vyote. Keki haipandi, katikati inabaki nzito na mbichi, kwa chini inaungua kwa sababu mpikaji anaendelea kusubiri ipande. Vipande ishirini vilivyokuwa vilipe nauli na fotokopi vinaliwa bure chumbani.

Ikitokea hivyo, usiongeze vijiko ukidhani utafidia. Ukiongeza iliyokufa nusu, keki inaweza kuwa na uchungu. Na usikubali ushauri wa muuzaji wa kutia magadi soda peke yake. Bila kitu kichachu, inabaki ladha ya sabuni na rangi inakuwa ya kahawia isiyopendeza.

Jaribio ni kijiko kimoja cha chai ndani ya nusu kikombe cha maji ya moto. Nzima inachemka povu pale pale. Ikitoa vipovu vichache na kutulia, mwaga. Hamira jaribu kwa maji ya vuguvugu, nusu kikombe, kijiko cha sukari na vijiko viwili vya hamira. Ndani ya dakika kumi iwe imeumuka povu nene juu. Magadi soda dondoshea limao. Muuzaji mwenye chupa ya chai kwenye meza yake hana sababu ya kukunyima maji ya moto nusu kikombe.

Na lile tangazo la ukutani, "mali ikishauzwa hairudishwi", lisiwatishe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu ubora wa bidhaa, na karatasi ya ukutani haiifuti sheria. Chakula cha kufungashwa kinatakiwa kiwe na lebo na tarehe ya kuisha, na tangu 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Kifuko chenye fundo hakina hata kimoja. Ninachodai ni kidogo: raba iliyopakwa rangi isemwe imepakwa rangi, na beking pauda iuzwe kwenye kopo au pakiti yake.

Karibuni, hasa mafundi.

Fundi wa Gungu:
Mkuu umesema kweli tupu. Niongeze upande wa matengenezo, maana wanafunzi wanaletewa raba imekufa soli halafu wanaambiwa "peleka kwa fundi aigundishe". Haigundishiki. Gundi inashika kwenye unga, na unga haushiki kitu. Kazi sahihi ni kung'oa soli yote, kukwangua PU iliyobaki mpaka uonekane msingi wa juu wa kiatu, kupiga msasa, kufuta kwa thina na kuacha ikauke. Halafu gundi ya mpira ya kopo pande zote mbili, subiri dakika kumi hadi kumi na tano mpaka ukigusa kwa kidole isivute nyuzi, bandika mara moja bila kusogeza, gonga kwa nyundo kuanzia katikati kwenda pembeni. Baada ya hapo shona kuzunguka kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta. Kisivaliwe mpaka kesho yake. Fundi anayebandika gundi ikiwa bado mbichi na kukukabidhi hapo hapo, naye ni walewale tu. Kabla ya kununua, jumlisha bei ya kiatu na ya soli mpya, ndipo uone kama bado ni nafuu.

Mama Keki Ujiji:
Asante mwanangu kwa kulisema. Kwa mabinti wanaookea sufuria na mchanga, tafadhali msiilaumu beking pauda kabla ya kuangalia moto. Mchanga unene wa vidole viwili, sufuria kubwa ipate moto robo saa kabla ya kuingiza keki, mkaa mwingi uwe juu ya mfuniko na chini ubaki kidogo. Moto wa chini ukizidi, keki inashika ganda kabla ya katikati kuiva. Usifunue mfuniko nusu saa ya mwanzo. Kama yote haya umefanya na imelala, basi hapo ni beking pauda.

Ukikosa nzima kabisa, kwa ile keki ya nusu kilo acha maziwa, tia kikombe cha mtindi, kijiko kimoja cha chai cha magadi soda na kijiko kimoja cha chai cha siki au limao. Soda ichanganye na unga mkavu, siki kwenye mtindi, na jiko liwe tayari kabla hujavikutanisha. Ukichelewa hewa inakwisha kwenye bakuli.

Mwanzisha uzi:
Shikamoo mama, na asante fundi. Kuna aliyeniuliza inboksi kama wanafunzi wachangiane. Ndiyo, hilo ndilo la kufanya kuanzia bumu lijalo: wanne au watano mnunue kopo zima lenye tarehe, mgawane kwenye vichupa vikavu vyenye mfuniko wa kukaza, kila kichupa kiandikwe tarehe ya kufunguliwa. Msichote kwa kijiko chenye maji, na msiweke juu ya ndoo ya maji au karibu na jiko la chai. Baada ya miezi sita jaribuni kwa maji ya moto kabla ya kuoka. Na kwa raba, nendeni wawili, mmoja akague huku mwingine akipatana bei, maana anayepatana bei hapati nafasi ya kubonyeza soli.