Ada ya taka tunalipa, mtaro wa soko hauzibuliwi: tumdai nani hesabu?

Mkaazi wa Sokoni

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Naandika kutoka mji mmoja mdogo hapa Pemba. Jina la mji siliweki, kwa kuwa ninachokitafuta ni njia ya kupata jibu, wala si kumvunjia mtu heshima yake. Nyuma ya meza za samaki za soko letu unapita mtaro wa saruji unaopokea maji ya mvua kutoka mitaa ya juu na kuyateremsha hadi kwenye mikoko. Tangu masika iliyopita mtaro huo umejaa makumbi ya nazi, chupa za plastiki na matumbo ya samaki, na pahala pengine mifuniko imevunjika, nondo zimechomoza nje, na watoto wanaokwenda skuli huvuka hapo kwa kuruka. Mvua ikinyesha maji hukosa pa kupita, hurudi nyuma na kutuama chini ya meza tunazonunulia kitoweo, kisha huingia kwenye nyua za nyumba za bondeni ambazo wenyewe bado wanachota maji ya visima.

Kila mfanyabiashara wa soko hili hulipa ushuru wa meza, na juu yake hulipa ada ya taka. Stakabadhi tunazo. Tulipomwendea sheha alitupokea vizuri, akatwambia kuwa taka ni kazi ya baraza la mji. Ofisini kwa baraza tukaambiwa kuwa mtaro uko kando ya barabara kuu, kwa hiyo ni wa wizara, na upande wa wizara tukajibiwa kuwa mtaro ulijengwa na mradi na umekwisha kukabidhiwa, bila ya kuelezwa umekabidhiwa kwa nani. Diwani wetu hutusikiliza kila tunapomfuata, lakini jibu lake ni moja tu, kwamba bajeti ni finyu.

Ninaomba wenye uzoefu wanieleze mambo mawili. Kwanza, kwa mujibu wa sheria zetu za Zanzibar, ni nani hasa mwenye dhamana ya mtaro kama huu? Pili, je, raia wa kawaida anayo haki ya kuuliza fedha za ada ya taka zimekusanywa kiasi gani na zimetumika wapi? Nawasihi pia tusilipeleke suala hili kichama. Hapa kwetu ukilalamikia mtaro, swali la kwanza unaloulizwa ni wewe wa upande gani, na mazungumzo huishia hapo hapo.

Karani Mstaafu

Waalaykum salaam. Nimefanya kazi ya ukarani katika serikali za mitaa kwa muda mrefu, na nitajibu kwa urefu kwa sababu mkanganyiko ulioueleza naukuta kila mji ninaopita.

Sheha si mtu wa kumdai mtaro. Yeye huteuliwa na Mkuu wa Mkoa chini ya Sheria ya Tawala za Mikoa Namba 8 ya mwaka 2014, na kazi zake ni za utawala: amani ya shehia, kumbukumbu za wakaazi, kuwasuluhisha watu wanapogombana, na kuyafikisha malalamiko yao kunakohusika. Hana mfuko wa fedha wa kuzibua mtaro. Hata hivyo msimpite, kwa kuwa barua iliyopitia kwake haitarudishwa kwa hoja kwamba hamkufuata utaratibu.

Baraza lenu ni chombo kingine kabisa, na linasimamia shughuli zake chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya mwaka huo huo wa 2014. Usafi wa mji, masoko na uondoaji wa taka ni kazi ya baraza, na ndiyo maana baraza limepewa uwezo wa kutunga sheria ndogo na kutoza ada. Inawezekana kweli kwamba barabara kuu iko chini ya wizara inayohusika na ujenzi, na kwamba kingo za mtaro na mifuniko iliyovunjika ni ya kudaiwa huko. Lakini kilichouziba mtaro huo ni taka za soko, na soko ni la baraza, ambalo ndilo linalotoza ada ya kuziondoa taka hizo. Kwa hiyo yatenganisheni madai yenu. Uzibuaji na uzoaji wa taka udaini kwa baraza. Matengenezo ya saruji yaulizeni kwa barua moja iende kwa baraza na kwa wizara kwa pamoja, muombe muelezwe kwa maandishi mradi ulimkabidhi nani mtaro huo. Makabidhiano ya mradi huwa na hati yenye sahihi, na hati hiyo iko katika faili la mtu fulani.

Kuhusu swali lako la pili, kifungu cha 18 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinampa kila raia haki ya kupewa taarifa juu ya mambo muhimu ya maisha ya wananchi na ya jamii. Sidhani kama yupo atakayesema kuwa maji machafu chini ya meza ya samaki si jambo muhimu la maisha. Lakini haki hiyo haitawasaidia mkiuliza kwa mdomo mlangoni, kwa kuwa mtajibiwa kwa mdomo na neno litapotea. Andikeni kwa Mkurugenzi wa baraza, ambaye ndiye mtendaji mkuu na fedha zinapita mikononi mwake, na nakala mpeni diwani. Ulizeni ada ya taka imewekwa na sheria ndogo ipi, makadirio ya makusanyo yake kwa mwaka huu wa fedha ni kiasi gani, na kifungu gani cha matumizi kinagharimia usafi wa soko.

Jambo moja ambalo watu wengi hawalitilii maanani ni wakati. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na makadirio ya baraza hutayarishwa miezi kadhaa kabla ya hapo. Anayepeleka dai lake Agosti huambiwa bajeti ni finyu, na anayeambiwa hivyo huwa anaambiwa kweli, kwa sababu bajeti imekwisha kugawiwa bila ya yeye kuwemo. Mshikeni diwani alisemee ndani ya kikao wakati makadirio yanajadiliwa. Mlimchagua kwa kura zenu, na kikao ndicho mahali pake pa kusema.

Mama wa Dagaa

Namshukuru mzee Karani kwa maelezo yake, na naomba niongeze la upande wetu sisi akinamama tunaokaa kwenye meza hizo, ingawa soko langu ni jengine.

Kikao cha wafanyabiashara kinapoitishwa huitishwa asubuhi, saa ambazo ngalawa zinaingia na sisi tumo diko tunanunua. Wanaokwenda ni wenye maduka, na wenye maduka huzungumzia leseni na maegesho ya gari. Maji yanayotuama miguuni mwetu hayatajwi na mtu. Ndugu Mkaazi, mkiiandika barua hiyo, hakikisheni wauza samaki wametia sahihi zao, na kikao cha kuiandaa kiwe alasiri.

Pia msimsahau bwana afya. Mripuko wa kipindupindu wa mwaka 2015 na 2016 ulipoingia Zanzibar, biashara za vyakula za akinamama wengi zilisimamishwa, na riziki ya siku ikakatika. Wakati ule kila ofisi ilikuwa na sauti. Bwana afya anao uwezo wa kisheria wa kukagua soko na kuandika ripoti, na ripoti yake ina uzito ambao malalamiko yetu hayana. Mwiteni aje siku ya mvua, aone mwenyewe maji yanavyopanda hadi kwenye mapakacha, kwa sababu akija kiangazi ataona mtaro mkavu wenye taka na ataandika kwamba hali ni ya kawaida.

Kijana wa Bondeni

Kwa heshima zote, mimi naona barua zimeandikwa za kutosha katika visiwa hivi. Wafanyabiashara wa soko zima wakikubaliana kusitisha malipo ya ada ya taka kwa mwezi mmoja tu, gari la taka litaonekana siku ya pili. Kwa nini tulipe huduma ambayo haipo?

Karani Mstaafu

Mwanangu, uchungu wako naufahamu na swali lako ni la haki, lakini njia hiyo siishauri. Ada iliyowekwa kwa sheria ndogo ni deni, na atakayepelekwa mahakamani wa kwanza atakuwa mwenye meza ndogo asiye na wa kumsemea. Kisha mazungumzo yatahama kutoka kwenye mtaro na kuwa juu ya watu waliogoma, na kwa mazingira yetu ya kisiasa watatafutiwa chama siku hiyo hiyo. Tulipopiga kura ya maoni tarehe 31 Julai 2010 na kuikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, wengi wetu tulikusudia kuiacha tabia hiyo ya kumpima mtu kwa chama chake kabla ya kulisikiliza neno lake. Haijatutoka yote. Msiwape sababu ya kuirudia. Stakabadhi iliyolipwa ndiyo silaha yenu: mwenye kulipa huuliza akiwa amesimama wima.

Mkaazi wa Sokoni

Nimenufaika sana, na nimewasomea majibu haya wenzangu kibarazani jana baada ya sala ya Isha. Tumekubaliana kuandika barua mbili kama alivyoelekeza mzee Karani, na kikao cha kuziandaa kitakuwa Jumapili alasiri, ili akinamama wa samaki wawepo. Tumeanza kuzikusanya stakabadhi za ada ya taka kutoka meza moja hadi nyengine, na tumegundua kuwa baadhi ya wenzetu hawakuwa wakipewa stakabadhi kabisa, ingawa wamelipa kila walipodaiwa. Hili nalo tuliweke ndani ya barua hizo hizo, au tulitenge?

Karani Mstaafu

Litengeni, na lipeleke kwa uangalifu. Fedha iliyopokewa bila ya stakabadhi haina uhusiano na mtaro kuziba, nayo ni tuhuma juu ya watu. Mkiichanganya na ombi la huduma, waliotuhumiwa watajitetea na barua nzima itazama. Kwanza waandikieni Mkurugenzi na mkaguzi wa ndani wa baraza, mtaje tarehe na kiasi, bila ya kumtaja mtu ambaye hamna ushahidi naye. Msipojibiwa, ipo Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu Uchumi Zanzibar iliyoundwa kwa Sheria Namba 1 ya mwaka 2012, nayo inapokea taarifa za wananchi. Kila barua iwe na nakala mnayobaki nayo, na aliyeipokea aigonge muhuri na kuandika tarehe kwenye nakala hiyo kabla hamjaondoka pale mapokezi.