Naomba ushauri: anga inageuka rangi nikisogeza lenzi

Wakuu, habari za muda huu. Nipo Mtwara, napiga mandhari ya ghuba ya Mikindani, mikoko na ngalawa zikiwa zimelala matopeni maji yakitoka.

Natumia kamera ya kiteknikali (ile ambayo lenzi yake husogezwa pembeni bila kugeuza kamera) yenye lenzi ya Schneider 35mm XL, na nyuma nimefunga kitako cha kidijitali chenye kihisi, Phase One IQ180 ya megapikseli 80. Lenzi ikiwa katikati, picha safi kabisa. Nikiisogeza milimita 12 kushoto au kulia ili niunganishe picha mbili, anga inaharibika: ukingo mmoja waridi, mwingine kijani, na giza juu yake. Kwa hesabu yangu bado nimo ndani ya duara la lenzi, yaani duara la picha ambalo lenzi inatupa kwenye kihisi, ambalo kipenyo chake ni milimita 90, kwa hiyo sidhani kwamba nimevuka mpaka.

Nimeshajaribu kupiga kibao cheupe mbele ya lenzi kwa kila msogeo, kisha nasahihisha kwa LCC (sahihisho la rangi na giza linalotokana na picha ya kibao hicho) ndani ya Capture One, programu ya kuhariri picha. Rangi inarudi vizuri, ila ule ukingo uliokuwa na giza unabaki na chengachenga, hasa alfajiri mwanga ukiwa hafifu. Mchana hazisumbui sana, lakini nani anapiga Mikindani saa saba mchana?

Naomba kujua: filta ya katikati (ile yenye giza katikati ili mwanga ulingane na wa kingo) itapunguza hizo chenga, au itanilia mwanga bure? Na aliyetumia lenzi ya Rodenstock 40mm HR na IQ180 hiyohiyo, anasogeza hadi milimita ngapi kabla rangi hazijaanza vurugu?

Natanguliza shukrani.