Vishikizo vya pazia: kamba, sumaku au kitambaa?

MamaTabata: Habari za jioni wanajukwaa. Fundi anamalizia mapazia yangu ya sebuleni, nimekwama kwenye vishikizo, vile vya kukusanyia pazia pembeni. Kariakoo nimeona kamba zenye shada na vile vya sumaku. Fundi anasema kitambaa kitabaki, anishonee hicho hicho. Nichukue vipi?

Baraka_K: Dada, mbona hujasema kitu? Pazia zito au jepesi? Linafika sakafuni? Ukuta unatoboleka? Watoto wapo?

MamaTabata: Zito, hadi sakafuni, nyuma shiya nyeupe, lile pazia jepesi la kupitisha mwanga. Nimepanga, mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe. Mdogo wangu wa mwisho anatambaa.

Baraka_K: Basi kamba achana nazo. Zinataka ndoano, skrubu na fisha ya kushikia skrubu ukutani. Chukua sumaku, unazungusha tu, zinanasana.

Shangazi_Moro: Mtoto anatambaa halafu umshauri sumaku? Mtoto akimeza mbili zinavutana ndani ya utumbo na kuutoboa. Hiyo ni ya kukimbizwa hospitali. Na kamba yenye kitanzi kirefu inaweza kumnyonga. Ashone vya kitambaa, vifupi, juu asikofika.

Mwana_Tanga: Kuhusu ndoano ngoja niseme. Nilinunua za dukani, muuzaji akaapa ni shaba. Huku kwetu upepo wa bahari una chumvi. Masika hayajaisha rangi ya dhahabu imebabuka, kumbe chini ni chuma! Kutu ikaingia kwenye pazia jeupe, mstari mzima wa kahawia. Nikapaka ndimu na chumvi, nikaanika juani, ikafifia tu. Jiki ndiyo usiguse, inaigandisha kutu. Lile pazia mpaka leo nalikunja upande wa doa ndani. Ukinunua ndoano nenda na sumaku: ikinasa, si shaba.

Baraka_K: Si umeona, sumaku ina kazi.

Fundi_Ilala: Mimi nashona mapazia. Kitambaa hicho hicho, dada. Urefu usikisie: kusanya pazia, zungusha futi kamba bila kubana, ongeza sentimita 5. Ndani mwambie aweke gamu ngumu, kile kitambaa cha kukazia kola, la sivyo ukifua mara moja kinajikunja. Kikae theluthi moja kutoka sakafuni, katikati kabisa pazia linaonekana limefungwa mkanda.

MamaTabata: Na bila ndoano hakitateleza, fundi wangu?

Fundi_Ilala: Tia kitanzi kidogo nyuma ya pazia, kishikizo kipite humo. Ringi ya mwisho ivushe mkono unaoshika bomba la pazia ukutani, ukingo wa pazia hautavutwa ndani.

Shangazi_Moro: Mie theluthi siipendi, chini mno. Usawa wa dirisha inatosha.

Bi_Likoni: Mwafunga mapazia ya nini na joto hili? Shiya peke yake yapitisha upepo.

Baraka_K: Bi, na jua la saa tisa linalopausha makochi?

Bi_Likoni: Twafunga madirisha ya mbao.

Mwana_Tanga: Hayo ya mbao mafundi wake bado wapo huko? Ya kwangu yameliwa na mchwa, natafuta mtu wa kuyabadilisha.

MamaTabata: Jamani, gamu ngumu mita moja inatoa vishikizo vingapi? Madirisha yangu ni matatu.